Giga Nane za Kaka

3 Februari

Kaka,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu huwa unajibu "sawa" halafu unapotea wiki mbili. Mimi mzima, studio nzima, mgonjwa ni kompyuta.

Ni ileile uliyoniunganishia mwenyewe nilipoanza kazi hii. Nikirekodi sauti moja, inavumilia. Nikiongeza ya pili, ya tatu, nikifika ya tisa inaganda, kishale hakisogei, na mimi nabaki nimekodoa macho kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Wiki iliyopita kwaya nzima ilisimama mbele ya maiki dakika ishirini ikinisubiri, na mwalimu wao akawa anaangalia saa kwa makusudi ili nimwone.

Ningeendelea hivyohivyo, ila nimepata kazi ambayo sitaki iharibike. Mtaa wa nyuma yangu kuna mshonaji, watu wanamwita Mama Sindano. Ana uvimbe kooni. Tarehe 5 Machi madaktari watamtoa kisanduku chote cha sauti. Atapona, wanasema, ila hatazungumza tena kwa sauti yake. Amekuja kwangu na bintiye, akaketi, akaniambia: "Binti, nataka uninase nikiwa bado naongea. Wajukuu zangu hawajazaliwa. Sitaki waje kudanganywa kwamba bibi yao alikuwa na sauti nzuri. Wasikie wenyewe kwamba ilikuwa mbaya."

Nilicheka, halafu nikaenda jikoni kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Tutarekodi siku sita, saa moja kwa siku, maana anachoka. Niambie ninunue RAM gani, na giga ngapi zinatosha. Mimi ninachojua ni kwamba ikiwa ndogo, kompyuta inaganda.

Mdogo wako


7 Februari

Mdogo wangu,

Umenisema na nimesemeka. Sasa tulia, usikimbilie dukani.

Huyo mama yako mshonaji ana kabati la vitambaa na ana meza ya kukatia. Diski ni kabati, RAM ni meza. Kila sauti unayoongeza ni kitambaa kingine juu ya meza. Meza ikijaa, kompyuta inaanza kukimbia kabatini kuchukua na kurudisha, ndipo unapoona imeganda. Kwa hiyo kwanza tujue meza yako ni kubwa kiasi gani, na kazi yako inataka kubwa kiasi gani.

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini ukutoke. Fungua ubavu. Utaona vipande virefu vimesimama kwenye sloti, yaani matundu yake. Hesabu sloti ni ngapi, zilizojaa ngapi. Sukuma vishikizo vya pembeni vielekee nje, toa kipande kimoja, usome karatasi iliyobandikwa: ni DDR ya ngapi, yaani kizazi chake, giga ngapi, kasi yake ngapi. Usikisie. DDR3 haikai kwenye sloti ya DDR4, pengo lake liko mahali pengine, na anayelazimisha huvunja bodi.

Kisha irudishe, washa, fungua sauti zote za kwaya, na utazame kile kidirisha kinachoonyesha kumbukumbu iliyotumika. Inasoma ngapi kabla ya kuganda? Hiyo ndiyo itakayotupa kipimo, siyo maneno ya muuzaji. Angalia pia kama mfumo wako ni wa biti 64. Kama ni wa 32, hata ujaze giga kumi na sita utatumia kama tatu na kitu, zilizobaki ni pambo.

Jambo jingine: usiniandikie kupitia duka ninalofanyia kazi, wanafanya ukarabati. Tumia anwani ya saluni ya kinyozi niliyoiandika nyuma ya bahasha.

Kaka yako,
Bisibisi


11 Februari

Kaka,

Nimefungua ubavu. Vumbi lililokuwemo lingetosha kupandia mchicha. Sloti ni mbili, zote zimejaa, kila moja ina giga mbili. Karatasi inasema DDR3, 1600. Mfumo ni wa biti 64, nimesalimika hapo. Nikiwa na sauti nane kidirisha kinasoma giga tatu na nusu kati ya nne. Ya tisa ikiingia, kwaheri.

Kuna duka jipya karibu na posta. Muuzaji ni kijana mpole, amenionyesha vipande viwili vya giga nane kila kimoja, vipya, viko ndani ya paketi ambayo haijafunguliwa. Jumla kumi na sita. Anasema nikiona inasumbua nimrudishie ndani ya mwaka. Nataka kuvichukua kesho nimalize kabisa habari hii, kwa sababu Mama Sindano anaanza tarehe 19. Nakusubiri wewe tu uniambie ndiyo.

Jana alikuja kujaribu maiki. Nilimwambia aseme chochote. Akamsema mteja mmoja aliyepunguza mwili makusudi baada ya gauni kukamilika. Dakika kumi na mbili hakurudia neno.

Mdogo wako


14 Februari

Mdogo wangu,

Usinunue. Hayo maduka mapya nayajua, paketi zinafungwa upya nyuma ya kaunta. Na kumi na sita za nini? Kazi yako inakula tatu na nusu, ukiongeza sauti za kwaya haifiki sita. Nane zinakutosha na chenji inabaki. Ila ziwe pacha, nne na nne, kasi ileile, zifanye kazi pamoja.

Wewe una kaka fundi halafu unakwenda kumsikiliza mtu wa kaunta? Nimekufungia vipande viwili kwenye bahasha hii, nimevizungushia sifongo. Ni zawadi, usinikasirishe kwa kuuliza. Vishike kwenye kingo, usiguse meno ya dhahabu. Sukuma mpaka usikie vishikizo vimelia pande zote mbili.

Msalimie huyo mama, mwambie aseme vizuri.

Bisibisi


20 Februari

Kaka yangu,

Mungu akuzidishie! Nimeviweka mwenyewe, vikalia pande zote mbili, kompyuta ikawaka na kusoma nane. Nimefungua sauti kumi na nne, haikutikisika. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Jana tulianza na Mama Sindano. Amekuja na daftari, ameorodhesha mambo ya kusema. Ameanza na jinsi ya kupima mtu bila kumwaibisha. Kisha habari za mumewe, walivyokutana kwenye foleni ya kibali cha kitu fulani, wakagombania nafasi. Akifika penye uzito anasimama, anameza, uso unajikunja kwa maumivu, halafu anasema, "Endelea kunasa, hii nayo ni yangu."

Nimekuonea fahari, kaka. Nimemwambia kifaa hiki kimetoka kwako.

Mdogo wako


25 Februari

Kaka,

Nimekupigia mara nne, umeniandikia "sawa nitakuandikia". Basi nakuandikia mimi, na nimemwomba kondakta wa basi akufikishie leo hiihii.

Jana tumemaliza siku ya sita. Nimeanza kusikiliza mianzo ya faili na kuna kitu sikipendi. Kila baada ya dakika mbili tatu nasikia mlio mdogo, kama ukucha kwenye meza. Faili ya siku ya pili ilikataa kufunguka, ikasema imeharibika, nikajaribu tena ikakubali. Na asubuhi kompyuta ilijizima yenyewe na kujiwasha. Haya yote hayakuwepo na RAM za zamani. Ilikuwa inaganda, lakini haikuwa inaharibu.

Niambie ukweli. Nitoe hizi nirudishe zile za zamani? Mama Sindano anaingia hospitali tarehe 4, anapasuliwa tarehe 5. Kama kuna kitu kimeharibika, bado ana sauti, amesema yuko tayari kurudia hata siku zote sita. Nisipojua leo, baadaye haitasaidia.

Mdogo wako


26 Februari

Mdogo wangu,

Acha kujitia hofu. RAM ikiwa mbovu kompyuta haiwaki kabisa, inalia tu pii pii. Yako inawaka. Huo mlio ni waya wa maiki, badilisha waya. Kujizima ni umeme wa mtaani kwenu. Faili kukataa mara moja ni jambo la kawaida, hata kwangu hutokea.

Usitoe chochote, utaharibu sloti kwa kuingizaingiza. Endelea na kazi, safisha sauti, umkabidhi mama wa watu aende hospitali moyo ukiwa mtulivu.

Bisibisi


20 Machi

Kaka,

Nilifanya ulivyosema. Nilibadilisha waya. Nilijaribu dakika moja, sikusikia mlio, nikakuamini. Nikamwambia Mama Sindano kila kitu kiko salama. Alinishika mashavu kwa mikono miwili, akasema, "Basi niende." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake.

Wakati yuko hospitali nilifungua faili zote sita, moja moja, nikaondoa mvumo wa feni, nikahifadhi juu ya zilezile. Nikanakili kwenye flashi mbili kwa usalama. Sikukaa kusikiliza moja mpaka mwisho, kwa sababu nilitaka tuzisikilize pamoja akirudi.

Amerudi juzi. Ana kitambaa shingoni, anaandika kwenye kibao. Nilikwenda kwake na spika. Nikacheza siku ya kwanza. Sekunde arobaini za sauti yake, kisha mlio kama bati linaburutwa kwenye saruji, kisha kimya, kisha neno moja, kisha bati tena. Siku ya pili na ya tano hazifunguki. Flashi ni hivyohivyo, nilinakili uharibifu. Bintiye alisimama akazima spika. Mama Sindano alikuwa anaangalia cherehani yake.

Nimepeleka kompyuta kwa yule kijana wa karibu na posta. Ameweka programu ya kupima RAM. Kabla chai yangu haijapoa skrini imejaa mistari myekundu. Akatoa kipande kimoja, akapima kingine, kikapita. Kile cha kwanza amekiangalia kwa lenzi, akaniuliza: "Dada, nani alikuuzia hiki? Kina alama ya kalamu, mtu alishakitenga." Nikaangalia. Kuna nukta ya wino mweusi pembeni, nimeijua ni kalamu yako, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukitia alama betri mbovu nyumbani.

Nijibu. Usiandike sawa.


24 Machi

Mdogo wangu,

Nimechana karatasi tatu. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Duka halikuwa kwenye ukarabati. Walinifukuza mwezi wa kumi, kwa sababu ya kugombana na mwenye duka mbele ya wateja. Tangu hapo natengeneza vitu kwenye meza moja, nje ya saluni ya kinyozi. Sikukuambia. Wewe ndiye mtu pekee ambaye bado huniita fundi kama vile ni cheo.

Uliponiuliza RAM, sikuwa nayo. Nilikuwa na vipande viwili nilivyotoa kwenye kompyuta ya ofisi moja iliyokuwa ikijizima. Nilipovitoa na kuweka vingine, ikapona. Kwa hiyo nilijua kimoja kibovu. Nilitia nukta kile nilichokishuku. Kabla ya kukutumia nilikipima raundi moja, kikapita, nikajiambia huenda kilikuwa na vumbi tu kwenye meno. Raundi moja haitoshi, kipimo cha kweli ni cha kukiacha siku nzima. Nilijua. Sikutaka kupima tena kwa sababu niliogopa jibu.

Ulisema kijana ana kumi na sita mpya. Nikakuambia nane zinakutosha. Nane kweli zingetosha, lakini sikuipata namba hiyo kwa kupima kazi yako. Nilikuwa na nne na nne mfukoni, basi nikasema nne na nne. Na yale ya paketi kufungwa upya niliyatunga. Huyo kijana simjui hata kidogo.

Lakini barua yako ya tarehe 25 ndiyo mbaya kuliko yote. Nilipoisoma nilijua papo hapo. Nilikaa nayo kwenye kiti cha saluni mpaka kinyozi akaniuliza kama nimefiwa. Kulikuwa na siku nane. Neno moja tu, "toa", lingetosha. Nikaandika habari za waya, kwa sababu ukitoa ungekikagua na kuiona nukta. Nilichagua usinione mwongo, na mama wa watu akaenda kupasuliwa.

Sina la kujitetea.

Bisibisi


6 Aprili

Fundi mwenzangu,

Hunijui. Mimi ndiye wanayeniita Mama Sindano. Mdogo wako amenisomea barua yako, yote, hakuruka mstari. Karatasi nilimshikia mimi.

Salamu sikupi kwa sasa.

Nimeshona miaka thelathini na moja. Nimewahi kukata kitambaa cha mtu vibaya nikajua palepale, mkasi ukiwa bado mkononi. Najua ile hamu ya kukunja kitambaa upesi na kusema kilikuja hivyo. Siku moja nilifanya. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu asiyejua unachozungumzia. Ila mimi nilificha pindo la sketi. Wewe ulijua kuna siku nane, na mimi siku hizo nane nilizitumia kupiga pasi kanga na kupanga masanduku. Nilikuwa naongea na kila aliyepita dirishani, maneno ya bure, bei ya vitunguu. Ningekaa mbele ya maiki mpaka nitapike damu.

Mdogo wako amekuja kila siku tangu siku ile. Anafagia kwangu, ananiosha vyombo, haniangalii. Nimemwandikia kwenye kibao kwamba yeye hana kosa, anafuta kibao. Umemvunja mtu wako mwenyewe. Hilo nalo ulijue.

Sasa sikiliza ninachotaka. Vipande vilivyobaki vipo. Mimi siwezi kukaa na kompyuta, na yeye akisikia ule mlio anatoka nje. Utakuja wewe. Utakaa kwangu, kwenye kiti cha wateja, utasikiliza siku zote zinazofunguka, kutoka mwanzo mpaka mwisho, pamoja na mlio wote. Kila mahali ninaposikika, hata kama ni neno moja, utaliandika na dakika yake, na utalikata uliweke peke yake. Mimi nitakuwa pembeni nashona. Huruki kitu.

Mdogo wako amesema hatakuwepo. Usimlazimishe. Na usije na matunda. Ukija na matunda nitayarudisha, na wewe pamoja nayo.

Mama Sindano


18 Aprili

Mdogo wangu,

Niko kituoni. Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako kabla basi halijaondoka. Taa yako inawaka, nimeiona, sikugonga.

Nimekaa kwake siku tatu. Siku ya kwanza alinifungulia, akanionyesha kiti kwa kidole, akarudi kwenye cherehani yake, basi. Nilijaribu kuomba radhi nikiwa nimesimama. Akaandika kwenye kibao: "Kaa. Anza."

Nimesikiliza kila kitu. Ule mlio ukiusikia kwa saa nne unaanza kuusikia hata kwenye maji ya bomba. Nilitaka kupunguza sauti, akagonga meza kwa mkasi bila kunitazama. Kwa hiyo sikupunguza. Nimeokota dakika thelathini na saba kutoka faili nne. Nyingi ni vipande tu. Habari za mumewe zimekwisha kabisa, limebaki neno "foleni" na kicheko. Ile ya kupima mtu bila kumwaibisha aliirudia siku ya sita, na hiyo ipo karibu yote. Siku ya pili na ya tano sikuweza kuzifungua, nimemwambia wazi, sikumpa matumaini. Aliandika, "Siku ya tano ndiyo niliyowasemesha wajukuu." Halafu akafuta, akarudi kushona, na mguu wake ukawa unakosea pedali.

Leo mchana nilikuwa mwishoni mwa siku ya nne. Kulikuwa na mlio mrefu, kama dakika sita, nikawa naangalia tu namba zikienda. Mara mlio ukakatika. Inaonekana mlikuwa mmemaliza kazi na hujazima maiki. Kuna kiti kinaburutwa, wewe unasema kitu kwa mbali, halafu sauti yake ikatoka safi kabisa, kubwa, sauti ya mtu anayemwita aliye nje:

"Kipusa! We Kipusa! Njoo unishike mkono mama yako, miguu imekufa ganzi!"

Bintiye alikuwa uani anafua. Sikujua kama yupo karibu. Nilisikia beseni limeanguka, na sauti yake ikaitika palepale, "Abee mama!" Akaingia mbio, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko, akasimama mlangoni.

Alimwangalia mama yake. Akaniangalia mimi, akaiangalia spika. Nilimwona anaelewa. Mlio ulikuwa umesharudi, nikauzima bila kuruhusiwa, na safari hii sikugongewa meza.

Bintiye hakulia. Alijifuta mikono kwenye nguo, polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama siku yoyote:

"Umeniita, mama?"

Mama Sindano aliitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono, na bintiye akaenda kuushika.

Nimewaacha hapo, nikatoka nje kuokota beseni.

Bisibisi